Nakala ya Pili Ndiyo Inayolipa Lori

Lori limetoka Nakuru saa tisa usiku na magunia 300 ya mahindi, limepanda hadi Mau Summit, limekata kushoto kuelekea Kericho, na kufikia saa nne asubuhi liko kwenye foleni ya stoo Kisumu. Jioni limeshusha, dereva amekula samaki wake, na kila mtu anahesabu safari imekwisha. Kwa ofisi ya malipo ya mteja, safari hiyo bado haijatokea. Itatokea siku nakala ya pili ya dilivari, ile hati ya kukabidhi mzigo, itakapowekwa mezani ikiwa na jina, sahihi, muhuri na tarehe ya aliyepokea.

Mwenye lori moja au mawili anajua bei ya tairi hadi shilingi ya mwisho. Muulize dilivari ngapi za mwezi jana hazijarudi, utamwona anatafuta namba ya dereva kwenye simu. Na hesabu yenyewe si ngumu. Mteja amesema analipa baada ya siku 30, lakini siku hizo huanza kuhesabiwa pale ofisi yake inapogonga muhuri wa kupokea kwenye invoisi yako, na invoisi haipokelewi bila dilivari. Karatasi ikilala siku 12 kwenye dashibodi, siku 30 zimekuwa 42. Kituo cha mafuta hakikungoji siku 42.

Tuanze na kitabu chenyewe. Kitabu cha kawaida kina seti 50, kila seti ikiwa na karatasi tatu au nne zenye nambari moja. Kwa usafirishaji chukua cha karatasi nne. Karatasi ya kwanza hubaki kwa mpokeaji. Ya pili hurudi ofisini na kuambatishwa kwenye invoisi. Ya tatu huachiwa aliyepakia, kabla lori halijatoka getini kwake. Ya nne haing'oki kitabuni kamwe. Wengi huchapisha cha karatasi tatu ili kupunguza gharama ya mchapishaji, kisha aliyepakia anadai yake, dereva anamng'olea ile ya kitabuni, na siku mpokeaji akikana mzigo ofisi haina hata kivuli cha kuonyesha.

Kitabu kinaharibika kwa kitu kidogo sana: ile kadi ngumu ya mwisho. Kazi yake ni kukunjwa na kuingizwa chini ya seti unayoandika, ili maandishi yasipenye. Dereva anayeandikia juu ya boneti, haraka haraka, wapakiaji wakimpigia kelele, haikumbuki. Maandishi ya leo yanapita hadi seti ya kesho, na kesho ukiandika magunia 280, nakala ya pili inaonyesha 280 na kivuli cha 300 chini yake. Karani wa malipo akiona nambari mbili kwenye mstari mmoja anairudisha, na huwezi kumlaumu. Kalamu nayo iwe ya wino mzito wa kawaida, ya kukandamiza. Zile laini za jeli huandika vizuri sana juu na kuacha nakala ya nne nyeupe.

Kuhusu kinachojazwa, ugomvi mwingi hutokea kwenye mistari mitatu tu. Wa kwanza ni mahali pa kushusha. "Kisumu" si mahali; andika stoo gani, barabara gani, lango gani, kwa sababu mteja mwenye stoo mbili anaweza kukugeuza njiani na bei ikabaki ya stoo ya karibu. Wa pili ni nambari ya gari. Kichwa, yaani gari la mbele linalovuta, na trela vina nambari tofauti, na zote mbili ziandikwe. Wa tatu ni maelezo ya mzigo. "Mahindi lori moja" haina maana yoyote mbele ya mtu anayetafuta sababu ya kutolipa. Andika magunia 300, kila gunia kilo 90, jumla kilo 27,000. Ukibeba viazi kutoka Molo au Njoro, gunia la kisheria ni kilo 50, tangu kanuni za viazi za mwaka 2019; ukiandika "magunia" bila kilo, umeacha mlango wazi kwa mtu aliyefunga lile lenye shingo ndefu, lililoongezwa juu kupita kipimo, na wewe ndiye utakayesimamishwa barabarani nalo.

Mzigo uliofungwa kwa sili, ile lakiri yenye nambari inayokatwa mara moja tu, uandikiwe nambari ya sili pale pale kwenye dilivari, na mpokeaji aisome nambari hiyo kabla ya kuikata, kisha aandike kwamba aliikuta nzima. Mstari huo mmoja unamwondoa dereva kwenye mashtaka ya wizi, maana upungufu ukionekana ndani ya kontena lenye sili nzima, swali linarudi kwa aliyepakia.

Sasa mizani, maana hapa ndipo kilo hupotea bila mtu kuiba. Tiketi ya mizani ya stoo au kiwanda ina uzito mara tatu: gari likiwa na mzigo, gari tupu, na tofauti. Tuseme 42,640 kutoa 15,560, mzigo ni kilo 27,080. Inaonekana safi. Lakini uzito wa gari tupu ulipimwa lini? Lita moja ya dizeli ina uzito wa takriban gramu 840. Tangi la lita 400 likijaa ni kama kilo 335 za mafuta. Ukipimwa tupu asubuhi tangi likiwa kavu, ukaenda kujaza mafuta, kisha ukapimwa na mzigo, kilo 335 za dizeli zimeandikwa kuwa mahindi. Kule Kisumu tangi limeshuka, na magunia karibu manne "yamepotea". Ongeza utingo aliyekuwa ndani mara ya kwanza na nje mara ya pili, tairi la akiba, turubai lililolowa mvua, matope ya masika chini ya trela. Magunia ya mkonge nayo yana uzito wa karibu kilo moja kila moja, wakati yale ya plastiki ni gramu mia na kitu. Kwa magunia 300 hiyo ni tofauti ya zaidi ya kilo 200. Dawa yake ni kupima mara mbili kwenye mizani ile ile, siku ile ile, hali ya tangi ikiwa moja, na dereva na utingo wote wakiwa chini. Na kwenye dilivari kuandikwe wazi ni uzito wa mizani ya nani unaotumika kulipia: ya kupakia au ya kushushia. Aliyepakia na mpokeaji wasipokubaliana kabla ya safari, kila mmoja atachagua ile inayompendelea.

Kisingizio kinachopendwa sana ni unyevu. Ni kweli mahindi hukauka: tani 27 zikishuka kutoka unyevu wa asilimia 14 hadi 13, zimepoteza kama kilo 310 za maji. Lakini hiyo ni kazi ya siku kadhaa za kuanika, haitokei kwa safari ya saa saba chini ya turubai. Mtu akikuambia mzigo "umekauka njiani" kati ya Nakuru na Kisumu, mwonyeshe kipimo cha unyevu cha kupakia. Ndiyo sababu kipimo hicho nacho kiandikwe.

Mizani ya barabarani ni jambo jingine. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, huangalia kila ekseli (mhimili wa magurudumu) pamoja na jumla. Ekseli ya usukani tani 8, ekseli moja yenye tairi nne tani 10, mbili pamoja tani 18, tatu pamoja tani 24. Kwa hiyo trela la ekseli sita ni tani 50 jumla, na kikomo cha juu kabisa ni tani 56 kwa ekseli saba. Lori la tani 42 linaweza kukwama kwenye mizani ya Gilgil au Webuye wakati jumla yake iko chini kabisa ya kikomo, kwa sababu wapakiaji walirundika mbele na ekseli za kichwa zimezidi. Hilo ni kosa la kupanga, na mara nyingi hurekebishwa kwa kuhamisha magunia nyuma. Magunia yakishushwa kabisa na kuchukuliwa na gari jingine, usifute nambari kwenye dilivari ya kwanza. Andika dilivari mpya ya gari la pili, itaje nambari ya ile ya zamani, na kwenye ya zamani andika magunia mangapi yamehamishwa, wapi, saa ngapi. Madereva wote wawili waweke sahihi.

Utaratibu huo huo ndio wa gari lililoharibika. Kichwa kikifa Timboroa au Salgaa na mzigo ukahamishiwa lori la rafiki, sili ya zamani inakatwa na mpya inawekwa; nambari zote mbili ziandikwe. Na kabla gunia la kwanza halijahama, mpigie wakala wa bima. Bima nyingi za mizigo safarini huorodhesha magari kwa nambari zake. Lori la rafiki halimo kwenye orodha yako, na likianguka kilomita kumi mbele, kampuni ya bima ina haki ya kukuuliza hilo lilikuwa lori la nani.

Karatasi ya tiketi yenyewe inastahili neno. Mizani nyingi, na mashine nyingi za mafuta, huchapisha kwenye karatasi ya joto, ile laini inayong'aa. Haina wino, ina kemikali inayogeuka nyeusi ikipata moto. Ndiyo maana ukiipitisha kwenye mashine ya kulaminisha inatoka nyeusi tii, na ukiiacha kwenye dashibodi kioo kikipigwa na jua la saa saba, inaanza kugeuka kijivu au maandishi yanafifia. Mifuko ya plastiki laini nayo huifuta polepole. Ipige picha siku hiyo hiyo, itoe fotokopi kwenye karatasi ya kawaida, pachika zote mbili pamoja. Fotokopi itaishi miaka. Ile ya asili huenda isimalize msimu.

Turudi kwenye geti la mpokeaji. Sahihi ya mlinzi si sahihi ya kupokea. Mlinzi anathibitisha kwamba gari limeingia, basi. Anayehitajika ni stoo kipa au msaidizi wake, na sahihi bila jina lililoandikwa kwa herufi za kusomeka ni mchoro tu. Muhuri bila tarehe nao ni nusu ya muhuri. Jumamosi mchana ndipo haya yote huharibika: stoo kipa ameondoka, muhuri umefungiwa kabatini, kijana aliyebaki anasema "nenda tu, Jumatatu nitagonga." Dereva asiondoke bila angalau jina la kijana huyo, cheo chake, sahihi, saa, na picha ya dilivari iliyotumwa ofisini kabla lori halijawashwa. Picha ichukuliwe karatasi ikiwa imelazwa, pembe zote nne zikionekana, bila kivuli cha mkono juu ya muhuri. Na karatasi ya asili ifuatwe hiyo hiyo Jumatatu, kwa sababu ofisi nyingi za malipo huku haziangalii picha.

Mpokeaji akipata upungufu au magunia yaliyochanika, dereva anashawishika kubishana. Ubishi hauna faida. Andika kilichopo: "yamepokelewa 298, mawili yamechanika, moja limelowa upande", wote wawili waweke sahihi kando ya maneno hayo, kwenye nakala zote. Utalipwa magunia 298 bila kesi. Kinachokuumiza ni kukubali maneno kama "yamepokelewa, kuhesabiwa baadaye." Hayo ni ruhusa ya kukukata chochote, siku yoyote. Akikataa kuhesabu mbele ya dereva, basi dereva aandike kwamba alitaka kuhesabiwa na mpokeaji hakukubali, pamoja na saa.

Saa, kwa kweli, ndizo zinazopuuzwa kuliko kitu chochote kwenye dilivari, na ndizo zenye pesa. Lori likilala getini siku mbili likingoja nafasi ya kushusha, umepoteza safari nzima ya kurudi. Wateja wengi wakubwa wanakubali kulipia gari linalolala, mradi mlikubaliana kabla, kwa mfano saa 24 za bure na baada yake kiasi fulani kwa siku. Wanakataa kulipa kwa sababu moja: hakuna ushahidi gari lilifika lini. Chapa kwenye kitabu chako nafasi nne: saa ya kufika getini, saa ya kuingia, saa ya kuanza kushusha, saa ya kumaliza. Hiyo ya kwanza ijazwe na mlinzi mwenyewe, kwa mkono wake, na jina. Hapo ndipo sahihi ya mlinzi ina thamani. Kifaa cha kufuatilia gari kinasaidia kuunga mkono, lakini mwenye stoo atasema gari lilikuwa limeegeshwa nje ya barabara kwa starehe ya dereva.

Nakala ya pili ikishafika ofisini, invoisi itoke siku hiyo. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na invoisi ya eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya), hairuhusiwi kuondolewa kwenye hesabu ya kodi ya mapato, isipokuwa zile chache zilizosamehewa, kwa hiyo mteja mwenye akili hatakulipa kwa karatasi ya kitabu cha dukani. PIN ya KRA, yaani namba ya mlipakodi, ina alama 11: herufi, tarakimu tisa, herufi. Ya mtu huanza na A, ya kampuni na P. Makosa mawili hujirudia. Moja ni kuandika herufi O mahali pa sifuri. La pili ni kutumia PIN ya mkurugenzi anayekupigia simu badala ya ile ya kampuni inayolipa. Mteja hawezi kudai VAT yake (kodi ya ongezeko la thamani) kwa invoisi hiyo, na atakurudishia. Ukikosea, hufuti, unatoa hati ya kupunguza deni kwenye mfumo huo huo, halafu invoisi mpya. Kwenye maelezo taja nambari ya dilivari, nambari ya gari, nambari ya LPO (hati ya mteja ya kuagiza) na njia. Karani anayelinganisha karatasi tatu, yaani LPO, dilivari na invoisi, anataka kuona nambari moja kwenye zote, asipige simu kwa mtu yeyote.

Ambao mapato yao yanafika shilingi milioni 5 kwa mwaka wanatakiwa kujisajili kwa VAT, na hapo kuna kitu kinachowashtua wengi. Safari ya 85,000 ina VAT ya asilimia 16, yaani 13,600, jumla 98,600. Mteja akiwa wakala aliyeteuliwa kuzuia VAT, yaani kukata sehemu yake na kuipeleka KRA moja kwa moja, atakata asilimia 2 ya ile 85,000, yaani 1,700, na benki utaona 96,900. Hujaibiwa. Ile 1,700 iko KRA kwa jina lako na ina cheti chake; ilinganishe na marejesho yako. Kinachouma kweli ni tarehe 20. VAT ya mwezi uliopita inatakiwa kufikia tarehe hiyo hata kama mteja atalipa baada ya siku 60, kwa hiyo unaitoa mfukoni kwanza. Weka bei ukijua hilo.

Karatasi za njiani nitazipitia kwa haraka. Risiti ya ushuru wa mazao ya kaunti iwe na nambari ya gari hilo, idadi ya magunia hayo na tarehe hiyo. Risiti ya lori la jana haipiti. Risiti ya dizeli iandikwe nambari ya gari na PIN ya biashara pale pampuni, si baadaye. Ujumbe wa M-Pesa unathibitisha pesa imetoka, hauthibitishi imenunua nini, hivyo uambatishwe na risiti au vocha yenye sahihi ya aliyepokea. Lori linalovuka Busia au Malaba lina mlolongo wake: hati za forodha, sili ya kielektroniki kwa mzigo wa kupita, kadi ya njano ya COMESA (soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika) kwa bima ya gari upande wa pili. Hizo mwachie wakala wa forodha, lakini nakala ya kila moja irudi kwako.

Ofisini, weka daftari la vitabu: kitabu namba gani, kimeanza na kuisha nambari zipi, amepewa dereva yupi, lini. Kila Ijumaa linganisha safari na nambari. Nambari iliyorukwa ni swali la siku hiyo hiyo, maana baada ya mwezi dereva hakumbuki. Dilivari iliyoharibika haichanwi. Unaandika "imefutwa" kwa upana wa karatasi na kuziacha zote nne kitabuni, kwa sababu karatasi moja tupu yenye jina la biashara yako na nambari halali inatosha mtu kubeba mzigo kwa jina lako.

Sheria ya kodi inataka kumbukumbu zikae miaka mitano. Deni la mkataba linaweza kudaiwa mahakamani hadi miaka sita, na mahakama ya madai madogo husikiliza madai hadi shilingi milioni 1, kiasi ambacho safari kumi za kawaida hazifiki. Kwa hiyo shika sita. Boksi zisikae chini kwenye saruji, hasa Kisumu, ambako unyevu hupanda na karatasi za kaboni hushikana zikawa tofali. Ziweke juu ya mbao, mbali na ukuta, na kila boksi liandikwe mwezi na nambari ya kwanza na ya mwisho iliyomo.